«Kujiua si mambo ya kwetu»: wazo moja, historia yake na hasara yake

Hapa Bukavu, habari ya mtu aliyejiua ikifika mtaani, maneno mawili yanaifuata upesi. La kwanza: «Walimuroga.» La pili, ambalo wazee na vijana wanalisema sawasawa: «Kujiua ni mambo ya bazungu, si mambo ya kwetu.» Kisha watu wananyamaza. Kilio kinafanywa haraka haraka, jamaa wanasema marehemu alikuwa mgonjwa, na baada ya majuma machache hakuna anayetaja jina lake tena.

Katika kurasa kama hizi tumezoea kusoma juu ya mahari, ngoma, mavuno na heshima ya Mwami. Sisi tumechagua jambo gumu zaidi. Juu ya nini? Kwa sababu lile neno la pili nalo linajiita desturi. Linasemwa kama vile tumelirithi kwa mababu. Lakini ukilichunguza katika historia, unakuta mababu hawakulisema. Aliyelisema kwa nguvu na kuliandika ni daktari mmoja wa wakati wa ukoloni, na hakulisema kwa kutusifu. Sisi tukaliokota, tukalifanya fahari yetu. Fahari hiyo inatugharimu watu.

Kabla ya kuendelea, tuelewane juu ya maneno. Tukisema kujiangamiza, hatusemi tu juu ya yule anayekatisha maisha yake kwa siku moja. Kuko anayejiumiza mwili kwa siri. Kuko anayekunywa kanyanga kila asubuhi akijua vizuri kwamba inamuua. Kuko aliyeacha kula, kuoga na kuongea. Elimu ya tiba ya akili, ile inayoitwa saikiatria, inawatazama wote hawa pamoja, ingawa haiwachanganyi.

1. Wazee walilijua jambo hili

Jamii haiweki mwiko juu ya kitu isichokijua. Kama kweli watu wa kale wa eneo letu la Maziwa Makuu wasingejua kujiua, wasingekuwa na desturi za kushughulika nako. Na desturi hizo ziko, zimeandikwa.

Tuchukue mfano wa Buganda, kwa sababu umeandikwa mapema. Mmisionari John Roscoe, katika kitabu chake cha mwaka 1911 juu ya Waganda, alieleza kwamba mwili wa mtu aliyejiua haukuzikwa pamoja na watu wa ukoo. Ulipelekwa mbali na nyumba za watu, porini au kwenye njiapanda, ukachomwa moto. Wanawake waliopita mahali pale walitupa majani au vijiti, juu waliogopa mzimu wa marehemu usije ukawaingia na kuzaliwa tena kwao.

Mtu asifikiri kwamba hofu hiyo ilikuwa ya Waafrika peke yao. Katika Uingereza, mpaka mwaka 1823, aliyejiua aliweza kuzikwa kwenye njia ya watu wote, mara nyingi kwenye njiapanda, na mti uliochongwa ukapigiliwa katika mwili wake. Ni bunge la mwaka huo wa 1823 ndilo lililofuta desturi hiyo. Waganda na Waingereza hawakuwa wamekutana bado, lakini wote walikwenda njiapanda. Woga ni ule ule: kifo hiki kisirudi nyumbani.

Mwaka 1960, mwaka wa uhuru wetu, mwanaantropolojia wa Marekani Paul Bohannan alitoa kitabu kilichokusanya kazi za watafiti mbalimbali juu ya mauaji na kujiua katika Afrika. Walikuwa wamesoma majalada ya mahakama na kuongea na watu wa Busoga, Bunyoro, Bugisu, na tena Waluo, Waluyia na Waalur. Waalur si wageni kwetu: wanaishi pande zote mbili za mpaka, Uganda na huku kwetu Ituri. Katika makabila hayo yote visa vya kujiua vilionekana. Na mambo yaliyotajwa karibu navyo tunayafahamu: ugomvi wa nyumbani, ugonjwa usiopona, msiba, aibu mbele ya watu.

Basi wazee walilijua jambo hili. Waliliogopa, wakalificha, wakalizungushia mwiko. Lakini kuficha kitu si kusema hakipo.

2. Daktari wa Mathari

Sasa tumtazame yule aliyesema hakipo.

John Colin Carothers alikuwa daktari wa serikali ya kikoloni nchini Kenya. Kuanzia mwaka 1938 mpaka 1950 aliongoza hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, mjini Nairobi. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani, WHO, lilichapisha kitabu chake juu ya akili ya Mwafrika katika afya na katika ugonjwa. Kilikuwa kitabu kidogo, lakini kilisomwa sana, na kwa miaka mingi kilichukuliwa kama neno la mwisho.

Carothers alisema kwamba kwa Waafrika huzuni ile kali inayoitwa leo sonona ni adimu sana, na kujiua pia ni adimu. Ni sababu aliyoitoa ndiyo inayotufaa leo kuijua. Hakusema kwamba tuna mila nzuri kuliko Wazungu. Alisema kwamba Mwafrika hajawa mtu kamili anayejitegemea. Anaishi kama sehemu ya kundi, hajihukumu mwenyewe, makosa yake anayatupia wachawi na mizimu, kwa hiyo hana mzigo wa dhamiri unaoweza kumlemea mpaka atamani kufa. Katika maandiko yake alifika hata kumlinganisha Mwafrika na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo.

Mwaka 1954 serikali ya Kenya ilimwomba aeleze vita vya Mau Mau. Aliandika kana kwamba tatizo kubwa lilikuwa ndani ya vichwa vya Wakikuyu, badala ya kuwa juu ya mashamba yao yaliyochukuliwa. Tunataja jambo hili ili msomaji aone elimu yake ilitumikia nini.

Aliyemjibu kwa ukali ni daktari mwenzake wa akili, Frantz Fanon, mzaliwa wa Martinique. Fanon alifanya kazi katika hospitali ya Blida, Aljeria, kuanzia 1953 mpaka alipojiuzulu mwaka 1956. Ni huyu huyu aliyekutana na Patrice Lumumba kule Accra, katika mkutano wa watu wa Afrika yote wa Desemba 1958. Katika kitabu chake cha mwisho, cha mwaka 1961, alimtaja Carothers kwa jina na kuonyesha namna elimu hiyo ilivyojenga nyumba yake juu ya dharau.

Kwa hiyo, mtu wa Bukavu anayesema leo kwa kujivuna kwamba «mutu mweusi hajiui», anarudia bila kujua hukumu iliyosema kwamba mtu mweusi hana undani wa kutosha wa kuumia.

3. Juu ya nini hakuona

Kuko swali la haki: je, Carothers alidanganya? Hapana. Alihesabu alichokiona. Tatizo ni mahali aliposimama.

Nani aliletwa Mathari wakati ule? Ni wale walioletwa na polisi na machifu: aliyepiga watu, aliyechoma nyumba, aliyetembea uchi sokoni. Mtu aliyekaa kimya nyuma ya nyumba yake, aliyeacha kulima, aliyelia usiku, hakuna chifu aliyepoteza wakati kumpeleka Nairobi. Huyo hakusumbua mtu. Ugonjwa wake haukuingia katika daftari, na kisichoingia katika daftari daktari alisema hakipo.

Miaka ile ile ya 1950, kule Ghana, daktari mmoja mwanamke aliyeitwa Margaret Field alifanya kinyume. Hakungoja wagonjwa hospitalini. Alikwenda vijijini, mahali pa matambiko, pale watu walipopeleka shida zao kwa waganga wa asili. Katika kitabu chake cha mwaka 1960 alieleza kwamba sonona ilikuwa ugonjwa wa kawaida kabisa pale, zaidi kwa wanawake. Na walijihukumu, tena vikali! Walisema wao wenyewe ni wachawi, wamewaua watoto wao, hawastahili kuishi. Hatia ambayo Carothers alisema haipo ilikuwa imevaa nguo za uchawi, na yeye hakuitambua.

Mwaka 1968 daktari Raymond Prince, aliyekuwa amefanya kazi Nigeria, aliangalia maandiko yote yaliyotangulia. Aliona jambo la ajabu: ripoti za wakati wa ukoloni zinasema sonona ni adimu, lakini kuanzia miaka ya mwisho ya 1950, nchi zikikaribia uhuru, ripoti zinasema ni ya kawaida. Je, Waafrika walibadilika kwa miaka kumi? Kilichobadilika zaidi ni macho na mahali pa kutazamia. Mwaka 1979 John Orley na John Wing walichapisha utafiti wa vijiji viwili vya Uganda. Waliuliza watu nyumba kwa nyumba, kisha wakalinganisha na wanawake wa mtaa mmoja wa London. Sonona ilikuwa nyingi zaidi katika vijiji vya Uganda.

Na leo? Kwa hesabu ya WHO, kila mwaka watu zaidi ya 720,000 wanajiua duniani, na kwa vijana wa miaka 15 mpaka 29 hii ni sababu ya tatu ya kifo. Kwa mwaka 2019, wastani wa dunia ulikuwa watu 9 kati ya 100,000. Katika eneo la Afrika ulikuwa watu 11. «Mambo ya bazungu» hayo yanatupata sisi kuliko wastani wa dunia nzima.

4. Sababu, kama saikiatria inavyozieleza

Mtu akijiua, watu wanatafuta sababu moja: bibi alimwacha, alishindwa mtihani, alipoteza pesa za tontini. Madaktari wa akili wanatuonya. Sababu moja haitoshi kamwe. Watu wengi wanaachwa na wanashindwa mitihani, na wanaendelea kuishi. Kile tunachokiona siku ya mwisho ni tone la mwisho, na mtungi ulikuwa umejaa tangu zamani. Umejazwa na nini?

Kwanza, maumivu ya roho. Mwaka 1833 Joseph Guislain, daktari wa mji wa Gent nchini Ubelgiji, alifundisha kwamba magonjwa ya akili yanaanza na maumivu ya ndani, yale aliyoyaita kwa Kifaransa «douleur morale». Miaka 160 baadaye, mwaka 1993, Mmarekani Edwin Shneidman, mmoja wa walioanzisha kituo cha kuzuia kujiua kule Los Angeles mwaka 1958, alisema karibu jambo lile lile: anayejiua hatafuti kifo hasa, anatafuta maumivu yaishe, na haoni mlango mwingine. Msomaji wa Bukavu hahitaji mkalimani hapa. Kila siku tunasema: «Roho inaniuma.» Lugha yetu ilikuwa na jina la ugonjwa huu kabla hatujajenga hospitali yake.

Pili, ugonjwa wenyewe. Sonona si uvivu wala si kukosa imani. Inaharibu usingizi, hamu ya chakula, nguvu za mwili na namna ya kufikiri. Inahusu pia kazi ya ubongo, na katika jamaa fulani hatari yake inarithiwa, ingawa kurithi hatari si kuhukumiwa. Daktari Aaron Beck alionyesha tangu miaka ya 1970 kwamba kinachotisha zaidi ni mtu kukosa tumaini kabisa. Anaona kesho kama ukuta.

Tatu, kamba za jamii. Mfaransa Émile Durkheim, katika kitabu chake cha mwaka 1897, alionyesha kwamba kujiua kunaongezeka pale mtu anapobaki bila kamba za kumfunga na wenzake, na pale maisha ya watu yanapopinduliwa ghafula mpaka kanuni za zamani hazifai tena. Msomaji afikiri mwenyewe juu ya familia iliyotoka Walungu au Kalehe ikikimbia vita, ikaacha shamba, ng'ombe na makaburi, ikaja kupanga chumba kimoja kwenye mteremko wa Kadutu.

Nne, hisia ya kuwa mzigo. Mwaka 2005 mwanasaikolojia Thomas Joiner, ambaye baba yake mwenyewe alijiua, aliandika kwamba hatari kubwa inatokea mambo matatu yanapokutana: mtu anajiona hana mahali kati ya wenzake; anajiona ni mzigo, kwamba wangepumzika kama asingekuwapo; na amezoea maumivu na vitisho mpaka mwili wake hauogopi tena. Jambo hili la tatu tulisome polepole, sisi watu wa Kivu. Vita vinawazoeza watu kuona damu. Tunawasifu watoto waliozoea, tunasema ni wagumu. Kumbe kuzoea huko ni kidonda.

Tano, kujiangamiza polepole. Mwaka 1938 Karl Menninger, daktari wa Marekani, alieleza kwamba kuko watu wanaojiua kidogo kidogo kwa miaka, na mfano wake mkubwa ulikuwa ulevi. Kwetu kasiksi ya ndizi ilikuwa kinywaji cha watu wengi pamoja: mahari, kilio, kazi ya shamba. Wazee wetu walikunywa, tusidanganyane. Lakini mtu kukaa peke yake toka asubuhi na chupa ya kanyanga, hiyo si mila ya mtu yeyote. Huyo tunamwita mulevi, tunamcheka, watoto wanamfuata njiani. Saikiatria inauliza: anajitibu nini kwa pombe ile? Pombe nayo inazidisha huzuni na inaondoa breki za akili, kwa hiyo mbio za polepole zinaweza kugeuka za haraka.

Na yule anayejiumiza mwili bila kutaka kufa? Mara nyingi anatafuta kupumzika kidogo kutoka katika fujo ya ndani. Si mchezo wala si «kutafuta macho ya watu». Ni kilio kisicho na sauti. Tena, anayejiumiza leo yuko katika hatari zaidi kesho asiposaidiwa.

5. Kivu yetu

Tangu 1994 mji wetu haujapata kupumzika. Mwaka ule wakimbizi wa Rwanda walijaa Bukavu. Mwaka 1996 vita vilifika, na tarehe 29 Oktoba tulimpoteza Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa. Mwaka 1998 vita vingine. Mwaka 2004, mwisho wa Mei na mwanzo wa Juni, mji ulitekwa na kuporwa. Mwezi wa Februari 2025 waasi wa M23 waliingia. Kijana aliyezaliwa Bukavu mwaka 1994 hajui maisha ambayo hayana neno «kukimbia».

Mwaka 2010 jarida la madaktari wa Marekani, JAMA, lilitoa matokeo ya utafiti uliofanywa Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Ituri. Waliuliza watu wazima karibu 1,000. Karibu watu 4 kati ya 10 walikuwa na dalili za sonona. Nusu walikuwa na dalili za ugonjwa unaobaki baada ya mtu kupata kitisho kikubwa. Ukipanda taksi yenye watu wanne kutoka Feu Rouge kwenda Panzi, hesabu mwenyewe.

Lakini historia ya Bukavu si ya kuumia tu. Mwaka ule wa 1994 ndipo ilipoanza SOSAME, hospitali ya magonjwa ya akili ya mji wetu, kazi ya Frères de la Charité. Shirika hilo lilianzishwa mwaka 1807 na padri Petrus Jozef Triest, kule Gent, na daktari aliyeshirikiana nao ni yule yule Joseph Guislain wa maumivu ya roho. Mwaka 1815 Triest na mafrere wake waliwatoa wagonjwa wa akili katika chumba cha chini ya ardhi ambamo walikuwa wamefungwa minyororo. Hivyo mnyororo uliofunguliwa Gent una uhusiano na mlango ulio wazi Bukavu. Wengi wetu tunapita SOSAME tukisema ni «kwa bafu», mahali pa vichaa, na tunaona haya kuonekana tukiingia. Ndiyo maana wengine wanafika wakiwa wamezunguka kwanza vyumba vyote vya maombi na waganga wote wa milimani.

Mfano wa pili. Mwaka 2013 jarida la New England Journal of Medicine lilitoa matokeo ya kazi iliyofanywa katika vijiji vya Kivu na wanawake 405 waliotendewa jeuri ya kingono. Katika vijiji fulani wanawake walikutana kwa vikundi, wakafundishwa namna ya kuyapima mawazo yaliyowahukumu: ni kosa langu, sina thamani tena. Katika vijiji vingine walipata msaada wa kawaida, kila mtu peke yake. Miezi sita baada ya mafundisho, katika vikundi wale waliobaki na dalili kali za huzuni au wasiwasi walikuwa 9 kati ya 100. Kwa wengine walikuwa 42 kati ya 100. Na nani waliongoza vikundi? Si madaktari kutoka Ulaya. Ni wanawake wa hapa hapa, waliosoma miaka kadhaa ya sekondari, wakafunzwa na kufuatiliwa vizuri.

6. Kanisa, sheria na vinywa vya watu

Wengine watatuambia: «Hata Kanisa lilikataa kuwazika.» Ni kweli, na ni vizuri kujua imekwenda namna gani. Sheria ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1917 ilimnyima maziko ya Kanisa mtu aliyejiua kwa kusudi. Sheria mpya ya mwaka 1983 haikumweka tena katika orodha ya wanaonyimwa. Na Katekisimu ya mwaka 1992 inasema kwamba matatizo makubwa ya akili, uchungu au hofu kubwa yanaweza kupunguza wajibu wa mtu, na kwamba tusikate tamaa juu ya wokovu wa milele wa waliojiua. Kanisa halikuacha kusema uhai ni zawadi ya Mungu. Liliacha kumhukumu mgonjwa. Mkristo anayekataa kwenda kwenye kilio cha namna hii leo, akidhani anafuata Kanisa, amebaki mwaka 1917.

Sheria za nchi nazo zilitembea. Wakoloni Waingereza waliziachia nchi za jirani kifungu kinachomwadhibu aliyejaribu kujiua akaokoka. Nchini Kenya, Januari 2025, Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu hicho kinapingana na Katiba. Sisi Kongo, sheria ya jinai tuliyorithi kwa Wabelgiji haimfungi mtu wa namna hiyo. Hatuna gereza kwa ajili yake. Lakini kuko vinywa vyetu: «Mama wa ule mwenye alitaka kujiua», «usiolee katika jamaa ile». Hukumu ya mahakama ina mwisho. Ya mtaa haina.

Na lile neno la uchawi? Hatukuandika ili kubishana na imani za watu. Tunasema jambo moja tu: ukisema «walimuroga», shauri linahamia kwa jirani au kwa mama mzee, na mgonjwa mwenyewe anabaki bila kuulizwa chochote. Na akiwa bado hai, ndiye aliyepaswa kuulizwa kwanza.

7. Kile tulicho nacho mkononi

Mwaka 1954, kule Aro karibu na Abeokuta, Nigeria, daktari Thomas Adeoye Lambo alianza utaratibu uliowashangaza Wazungu. Wagonjwa wa akili hawakufungiwa. Walikaa katika vijiji vya jirani na hospitali, kila mmoja na ndugu yake, wakitibiwa mchana na kulala kati ya watu. Lambo baadaye alikuwa naibu mkurugenzi mkuu wa WHO. Alichokifanya ni kuuliza: jamii ya Kiafrika ina nini ambacho hospitali haina? Jibu lilikuwa: watu.

Sisi nasi tunao. Mtu akifiwa Bukavu, majirani wanakuja bila kualikwa, wanakaa naye siku na usiku, wanapika, wanaimba, hawamwachi peke yake. Hakuna daktari aliyetufundisha. Tunachoomba ni kwamba desturi hiyo isingoje maiti. Mtu ambaye roho inamuuma amefiwa na kitu, hata kama sisi hatukioni.

Mambo machache ambayo madaktari wa akili wanakubaliana juu yake, na ambayo jirani, mwalimu au mama wa parokia anaweza kuyafanya:

Tumuulize wazi. Wengi wanaogopa kwamba ukimtajia mtu neno kujiua, unamtia wazo. Utafiti umeonyesha sivyo. Kumuuliza kwa upole, «Je, umefika mahali pa kutamani kufa?», kunamfungulia mlango.

Tusikilize bila kuhubiri upesi. «Vumilia», «omba tu», «wengine wana shida kuliko wewe»: maneno haya yanasemwa kwa nia njema, lakini yanamwambia kwamba hata uchungu wake hatuutaki.

Tusimwache peke yake saa ya hatari, na tuondoe karibu naye vitu anavyoweza kujidhuru navyo. Saa mbaya zaidi mara nyingi ni fupi. Ikipita akiwa na mtu, wengi hawarudi pale.

Tumsindikize kwenye kituo cha afya au SOSAME, mkono kwa mkono, kama tunavyomsindikiza mwenye malaria. Na akirudi nyumbani tuendelee kumtembelea, juu majuma ya kwanza baada ya hospitali ni ya hatari.

Na kama ameshakufa, twende kwenye kilio chake. Tumlilie kama mwingine yeyote. Wanaobaki, mjane, wazazi, watoto, wameingia nao katika hatari, na kimya chetu kinawasukuma.

Mpenzi msomaji, labda wewe mwenyewe unaposoma maneno haya roho inakuuma mpaka hapo. Tafadhali usikae nalo peke yako leo. Mwambie mtu mmoja, kwa maneno mafupi tu, halafu mwende pamoja kwa daktari.

Tumalize. Wazee wetu walikipeleka kifo hiki njiapanda kwa sababu waliogopa na hawakuwa na dawa. Daktari wa Mathari alikifuta kabisa, kwa sababu hakudhani tunaweza kuumia hivyo. Sisi tuna yale ambayo wote wawili hawakuwa nayo: tunajua kwamba ni maumivu, tunajua kwamba yanatibika, na tunajua nyumba inayotibu iko wapi mjini kwetu. Siku nyingine mtu akisema mbele yako, «Kujiua si mambo ya kwetu», mjibu taratibu: ni ya kwetu, juu walioumia ni wa kwetu.